UZI: Majengo ya serikali ya mawe na chokaa hayafi kwa uzee. Tuzungumze ukarabati wake kabla hayajaanguka mengine

Mwashi wa Pwani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam aleikum na poleni na majukumu.

Kila likitajwa jengo la kale la serikali humu jukwaani, ukurasa wa pili haufiki kabla mtu hajasema "limechoka, livunjwe". Nimefanya uashi, na baadaye usimamizi wa ukarabati, kwenye majengo ya mawe ya mwambao na ya bara. Naomba nilipinge hilo kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Ukuta wa mawe na chokaa hauchoki kwa miaka. Fort Jesus pale Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593, ikapigwa mizinga, Wareno na Waomani wakanyang'anyana, Waingereza wakaifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958, na leo watu wanaingia humo kwa tiketi. Ngome ya Lamu ni ya mwanzoni mwa karne ya 19, nayo ilikuwa gereza miaka mingi, na imesimama. Zote ni mawe ya matumbawe na chokaa. Kuna ofisi za zege zilizojengwa miaka ya 1970 ambazo leo nondo zimetoka nje na dari linadondoka.

Kinachoua majengo haya kwanza ni maji. Cha pili ni simenti. Cha tatu ni mkarabati mwenye haraka. Mara nyingi vyote vitatu vinakutana kwenye jengo moja.

Tuchukue Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu), Unguja. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883 kwa hafla za kifalme: kuta nene za mawe ya matumbawe, mihimili ya chuma, sakafu nzito, na roshani pana kuzunguka nje zilizobebwa na nguzo za chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zikaipiga mizinga kasri ya Sultani kwa muda usiofika saa nzima. Beit al-Hukm lililokuwa jirani likaharibiwa vibaya, mnara uliokuwa mbele nao ukaenda, lakini Beit al-Ajaib lilibaki limesimama. Mnara wa saa tuliouzoea uliongezwa kwenye uso wa jengo baada ya hapo. Mwaka 1911 likawa ofisi za serikali ya Waingereza, baada ya Mapinduzi ya 1964 likatumiwa na chama tawala, kisha likawa makumbusho. Mwaka 2012 kona ya roshani za nyuma ikaporomoka, halafu paa nalo likaanza kutoa vipande. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiendelea, sehemu kubwa ya mbele ikaanguka pamoja na mnara wa saa. Wafanyakazi wawili walifariki. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Jengo lililovuka mizinga ya manowari lilianguka likiwa na mafundi ndani yake. Sitaki kumnyooshea mtu kidole, uchunguzi una wenyewe. Ninachotaka tuelewane ni kwamba saa ya ukarabati ndiyo saa ya hatari kuliko zote katika maisha ya jengo la mawe, na tunaiingia kana kwamba tunakwenda kupaka rangi.

Karibuni.

Kijana wa Sait

Asante kwa uzi mkuu. Mimi ni mhandisi, nimemaliza chuo miaka michache iliyopita, na nakiri chuoni haya hatukufundishwa kabisa. Tulisoma zege, chuma na udongo. Ukuta wa mawe tuliusoma kama historia.

Swali langu la kweli kabisa: kwa nini tusijenge fremu ya zege ndani, nguzo na mihimili, halafu mawe ya zamani yakabaki kama uso wa nje tu? Sura ya jengo inabaki, usalama unapatikana, na mahesabu yake yanaeleweka. Kwani tunahifadhi nini hasa, sura au ukuta?

Mwashi wa Pwani

Swali zuri Kijana, na wakubwa wengi ofisini wanaliuliza hivyohivyo. Ngoja nianze na ukuta wenyewe unavyofanya kazi, jibu litakuja lenyewe.

Ukuta wa pwani wa zamani una unene wa nusu mita na zaidi. Si jiwe tupu toka nje hadi ndani. Una nyuso mbili za mawe yaliyopangwa, na katikati kuna vipande vidogo vya mawe na kifusi vilivyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Nguvu yake ni kubeba mzigo unaoshuka chini wima. Ukiuvuta hauna nguvu. Ukiusukuma kwa ubavu hauna nguvu. Kinachouzuia usilale ni uzito wake wenyewe, kuta za kukingamana nao, na sakafu za juu ambazo zinaushika kila ghorofa.

Sakafu hiyo ya juu ni boriti za mikoko zilizopangwa karibukaribu, juu yake mawe bapa, kisha chokaa na kokoto iliyopigwa kwa mbao mpaka ikagangamala. Boriti haizidi sana mita 3, ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani ni vyembamba na virefu. Barghash alitaka kumbi pana, ndipo mihimili ya chuma ikaingia.

Sasa maji. Mvua inaingia kwenye paa bovu au mlizamu (mfereji wa kutolea maji ya paa) ulioziba, inashuka ndani ya ukuta pale katikati kwenye kifusi. Udongo mwekundu unalainika na kuoshwa. Uso wa nje na wa ndani vinaachana. Ukiusogelea ukuta huo ukaugonga kwa kitako cha nyundo unasikia mlio wa uwazi, na ukiweka timazi (uzi wenye uzito wa kupimia wima) toka juu unaona ukuta umetoa tumbo. Ncha za boriti zilizoingia ukutani zinaoza kwa sababu pale ndipo unyevu unapokaa. Ukiwa chini unaitazama boriti, katikati ni nzima kabisa, umeipaka rangi inang'aa. Ichome bisibisi pale inapoingia ukutani: inazama hadi mpini. Mhimili wa chuma nao unapata kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, basi inapasua jiwe na kulisukuma kutoka ndani.

Ukileta fremu ya zege ndani ya jengo kama hilo unafanya mambo manne. Unachimba misingi mipya sentimita chache kutoka msingi wa zamani ambao mara nyingi ni mawe tu yaliyomwagwa mtaroni. Unakata kuta kupitisha nguzo. Unatoa sakafu zilizokuwa zinashika kuta. Na unaweka pamoja vitu viwili visivyotembea sawa: zege ni gumu, ukuta wa chokaa unajikunjua taratibu kwa joto, unyevu na kukaa kwa udongo. Jengo linapotaka kusogea milimita mbili, zege halikubali, ufa unafunguka pale vinapokutana.

Sisemi chuma kipya au zege visiguswe kamwe. Sehemu iliyokwisha kuanguka kama ile ya Beit al-Ajaib lazima ifikiriwe upya na wahandisi waliobobea. Ila kuta zilizosimama zinafanya kazi hadi leo. Tunahifadhi ukuta.

Bi Mkunazini

Hamjambo wanangu. Mimi ni mkaazi wa Mji Mkongwe tangu kuzaliwa kwangu. Mwashi umesema mlizamu, umenigusa.

Zamani kila mwenye nyumba alikuwa anapandisha mtu juu kabla ya masika kusafisha milizamu na kutazama sakafu ya paa. Ilikuwa kazi ya kila mwaka, kama kupaka niru kabla ya Idi. Siku hizi nyumba ina familia sita au ofisi tatu, paa halina mwenyewe. Kila mtu anakinga ndoo chumbani mwake.

Na jengo la serikali ndiyo zaidi. Mwenye ofisi ya chini hajui paa linavyovuja mpaka maji yafike kwake, na yakifika kwake yameshapita ghorofa zote.

Mwashi wa Pwani

Bi Mkunazini, shikamoo. Umesema yote. Paa halina mwenyewe. Hilo naliona kila ninapoitwa kukagua.

Niongeze mambo ya ofisi ambayo nyumba za watu hazina:

Majalada. Karatasi zilizobanana ni nzito, mita moja ya ujazo inapita nusu tani bila shida. Idara inapanga makabati ya majalada ya miaka 30 ghorofa ya pili, kwenye chumba kimoja, yote upande mmoja wa ukuta. Sakafu ya boriti ilijengwa kwa mkeka, vitanda na watu waliokaa. Jambo la kwanza ninaloshauri kwenye jengo la namna hiyo, kabla hata ya tenda, ni kuhamishia masjala chini. Halina gharama.

Matangi ya maji. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani 5. Limewekwa juu ya paa, juu ya mbao mbili, kwa sababu pale ndipo fundi bomba alipoona panafaa.

Viyoyozi. Kila kimoja kina bomba dogo linalodondosha maji, na nusu yake yanadondoka ukutani usiku na mchana, mwaka mzima. Mvua ina msimu, kiyoyozi hakina.

Vyoo vilivyoongezwa kwenye kona za jengo ambalo halikuwa na vyoo ndani. Bomba limefukiwa ukutani, likivuja hakuna anayejua.

Haya yote ni ya kuondoa kwa uamuzi wa mkuu wa ofisi. Hayahitaji mfadhili.

Mzalendo wa Mzizima

Mkuu hapo kwenye simenti fafanua. Mafundi wote mtaani wanasema chokaa ni ya kupaka miti na kuta za shule, simenti ndiyo nguvu. Ukimwambia apige lipu ya chokaa anakushangaa. Na mimi nimeona majengo mengi ya zamani Dar yamepigwa lipu ya simenti na yanapendeza.

Mwashi wa Pwani

Yanapendeza mwaka wa kwanza na wa pili, ndugu yangu. Nenda uyatazame mwaka wa tano, sehemu ya chini, toka ardhini hadi usawa wa kiuno.

Jiwe la matumbawe lina vitundu, linanyonya maji na kuyatoa. Ukuta wa mwambao haukuwahi kuwa mkavu kabisa. Unavuta unyevu toka ardhini, unapata unyevu wa bahari, na unautoa kupitia lipu ya chokaa ambayo nayo inapitisha mvuke. Ukiufunga kwa simenti nje na rangi ya mafuta ndani, unyevu hauna pa kutokea. Unapanda juu zaidi ukitafuta njia. Ndani ya unyevu huo kuna chumvi, na simenti yenyewe inaongeza nyingine. Maji yanapokauka chumvi inabaki ndani ya vitundu vya jiwe, inaganda kuwa chembe, inavimba, inalivunja jiwe liwe unga. Siku lipu ya simenti inapodondoka inaanguka bamba zima, ukilichukua bamba hilo ukaligeuza utaona nyuma yake limeng'oka na uso wa jiwe. Ukuta uliobaki unaukwangua kwa kucha.

Kanuni yetu ni moja: lipu lazima iwe laini kuliko jiwe. Kitakachoharibika kwanza kiwe kile ambacho fundi atakirudishia kwa siku chache, ukuta ubaki.

Kuhusu nguvu ya chokaa: jiwe la chokaa likichomwa tanuuni linapoteza hewa ya kaboni, ukilizima kwa maji linakuwa uji, ukilipiga ukutani linavuta tena hewa ileile kidogo kidogo na kurudi kuwa jiwe. Kazi hiyo inachukua miezi, ndani ya ukuta mnene miaka. Kwa hiyo anayepima nguvu ya chokaa baada ya siku 28 kama zege ataiona dhaifu. Na kwa kuwa inagangamala polepole, ukuta ukisogea kidogo chokaa inafuata, nyufa ndogo nyingine zinajiziba zenyewe kwa chokaa inayoyeyuka na kuganda tena.

Ubaya wake ni mmoja, inataka adabu. Ilowekwe vya kutosha, ichanganywe na mchanga usio wa bahari na uliooshwa, kwa kawaida ndoo 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga. Ukuta unyweshwe maji kwanza. Lipu ipigwe tabaka nyembamba, kila moja isizidi sentimita 1, na kila tabaka ifunikwe magunia mabichi isipigwe na jua. Fundi anayelipwa kwa mita za mraba kwa siku hawezi kuipenda. Hapo ndipo tatizo lilipo, kwenye mkataba.

Mkadiriaji

Niingilie hapo kwenye mkataba kwa sababu ndiyo kazi yangu, nipo upande wa makadirio ya ujenzi.

Tenda ya ukarabati wa jengo la kale inaandikwa kama ya jengo jipya. Kuna mstari unasema "kuondoa lipu yote na kupiga mpya", mita za mraba kadhaa. Kuna "kubadilisha mbao zilizooza", kwa makisio. Hakuna mstari wa kuegemeza jengo. Hakuna mstari wa uchunguzi. Kwenye tenda moja niliyoshiriki, taasisi ambayo siwezi kuitaja, nilipendekeza tuweke miezi ya kupima nyufa kabla ya kazi. Nikajibiwa kwamba fedha zikivuka mwaka wa fedha zinarudi hazina. Kwa hiyo jengo la zaidi ya miaka 100 linachunguzwa kwa wiki mbili ili fedha zisirudi.

Halafu mwenye bei ya chini anashinda. Aliyeweka bei ya magogo na vyuma vya kuegemeza kote chini ya jengo anakuwa ghali na anatolewa mapema. Yaani mfumo unamwadhibu mwenye tahadhari.

Naomba Mwashi utueleze hasa uchunguzi na uegemezaji unaotakiwa ni upi, ili sisi tunaoandika hizi nyaraka tujue cha kuandika.

Mwashi wa Pwani

Mkadiriaji, ubarikiwe. Hili nitaliandika kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloua watu.

Kwanza nyufa. Ufa hauzibwi, unaulizwa. Upo wapi, unaanzia juu au chini, una upana gani juu na upana gani chini. Ufa mpana juu na mwembamba chini, kona ya jengo, mara nyingi unakuambia kona hiyo inazama au inasukumwa na paa. Ufa wa mlalo kwenye usawa wa sakafu unakuambia ukuta unataka kuachana na boriti. Ufa wa wima kwenye makutano ya kuta mbili unakuambia zimeacha kushikana. Kisha unabandika kipande cha kioo chembamba juu ya ufa kwa plasta, unaandika tarehe. Kioo kikipasuka, ukuta unatembea. Kisipopasuka kwa masika na vuli nzima, ufa huo ni wa zamani umetulia, uzibe kwa chokaa uendelee na maisha. Ndiyo maana wiki mbili hazitoshi: jengo unalichunguza likiwa limelowa na likiwa limekauka.

Pili, fungua kidogo. Usibandue lipu yote. Lipu kuukuu kwenye ukuta uliotoka tumbo inaweza kuwa ndiyo kitu cha mwisho kinachouzuia. Fungua madirisha madogo ya kuchungulia, kwenye ncha za boriti, juu ya milango, chini kwenye msingi. Juu ya milango ni muhimu sana, kwa sababu mara nyingi linta, yaani mhimili unaobeba ukuta juu ya mlango, ni vipande vya mti ndani ya ukuta na vikioza mawe ya juu yanabaki yameshikana kwa bahati.

Tatu, egemeza kabla ya kugusa. Na hapa ndipo watu wanapokosea kwa wingi. Mtu anaweka mirunda chini ya sakafu ya ghorofa ya pili, imesimama juu ya sakafu ya ghorofa ya kwanza. Huo mzigo ameupeleka wapi? Ameutoa kwenye ukuta akautua katikati ya boriti za chini. Mirunda lazima ishuke mstari mmoja, ghorofa hadi ghorofa, mpaka ardhini, na ardhini ikanyage mbao pana zilizotandazwa kugawa uzito. Kuta ndefu ziegemezwe na kwa ubavu, nje na ndani. Nafasi kubwa za madirisha na matao zijazwe kwa fremu za mbao. Nguzo za chuma cha kusubu ndizo za kuogopa zaidi: chuma hicho kinabeba uzito mkubwa kikisimama wima, lakini hakipindi, kinakatika ghafla bila kuonya. Nguzo ikiinama kidogo kwa sababu roshani imevutwa upande mmoja, usiisimamishe kwa nguvu. Beba mzigo wake kwanza.

Nne, mtu asitoe sakafu au paa lote kwa mpigo. Unatoa kipande, unarudishia, unahamia kingine. Ukiona jengo la mawe la ghorofa tatu limebaki ganda, kuta tupu bila sakafu ndani, mwambie kila mtu atoke. Na msingi ukitaka kuimarishwa, unachimba kipande cha mita 1, unajenga, unaacha kigangamale, unaruka mbali unachimba kingine. Usichimbe mtaro mrefu pembeni ya ukuta ukaenda nyumbani kulala.

Tano, ndani ya ukuta uliopoteza kifusi chake. Unatoboa vitundu kwa mistari, unasafisha kwa maji, kisha unadunga uji wa chokaa uliotiwa unga wa matofali ya kuchoma ili ugande hata pasipo hewa. Unaanza chini unapanda juu, kwa msukumo mdogo. Ukisukuma kwa pampu kali unautoa uso wa ukuta nje. Kuta zilizoachana unaweza kuzifunga kwa fito za chuma kisichoshika kutu, zinapita toka ukuta mpaka ukuta na kukazwa kwa bamba nje. Kazi ndogo, inaonekana, na kesho mtu mwenye njia bora anaweza kuiondoa bila kuharibu chochote.

Kila kimoja hapo kinaweza kuwa mstari wake kwenye tenda yako, na kipimo chake. Uegemezaji usiuache kwa mkandarasi "aone mwenyewe". Uchorwe na mhandisi, ulipwe peke yake, ukaguliwe kila asubuhi.

Mpwani wa Amu

Mwashi, mimi ni wa Lamu. Ngome yetu ilikuwa gereza mpaka mwaka 1984, baadaye ikarekebishwa ikawa makumbusho na maktaba. Wazee waliofanya kazi ile ndio waliotufundisha sisi kuchoma chokaa na kupiga sakafu. Naogopa kwa sababu wanaondoka mmoja mmoja. Vijana wanataka kazi ya vigae na jipsamu, ina malipo ya haraka.

Jambo jingine ni vifaa. Mikoko sasa kuikata ni kwa kibali, na ni haki, mikoko ikiisha bahari itatuingilia. Matumbawe hai vilevile hayafai kuvunjwa. Sasa tunakarabati kwa nini?

Mwashi wa Pwani

Mpwani, swali la vifaa lina majibu. Mawe ya matumbawe ya kujengea kuta yanachimbwa nchi kavu, matumbawe yaliyokufa zamani za kale, hatuna haja ya kugusa yaliyo hai baharini. Mawe yaliyoanguka nayo yanapangwa na kutumika tena; kwenye jengo lililoporomoka kifusi kisizolewe na kijiko (mashine ya kuchimbua) kikapelekwa jalalani. Chokaa inaweza kuchomwa kwa mawe hayohayo ya nchi kavu, na tanuu iliyojengwa vizuri inatumia kuni chache kuliko ile ya kurundika magogo wazi. Boriti nyingi zimeoza ncha tu: tunakata ncha, tunaunga kipande kipya au tunaweka mbao ya kukingama chini yake iipokee kabla haijafika ukutani. Huna haja ya boriti mpya mia, unahitaji chache zilizokatwa kwa kibali.

La mafundi ndilo linalonikosesha usingizi kama wewe. Unguja miaka ya 1990, Zahanati ya zamani pale ukingo wa bahari, ile yenye roshani za mbao zilizochongwa, ilipokarabatiwa na mfuko wa utamaduni wa Aga Khan, kazi ile ilizaa mafundi ambao baadhi yao bado wako kazini. Jengo moja likifanywa vizuri ni chuo. Kilwa Kisiwani vilevile: magofu yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, na yakatolewa mwaka 2014 baada ya miaka ya kazi ya kuta na ya ufukwe, na wanakijiji walikuwemo. Tenda zikiweka sharti kwamba kila mwashi mzoefu awe na vijana wawili wanaolipwa kujifunza, katika miaka 10 tutakuwa na watu.

Kijana wa Sait

Nimesoma yote mara mbili. Nakubaliana nawe kwenye ukuta. Bado naona kwenye matetemeko na mizigo ya kisasa tunahitaji mahesabu, si uzoefu peke yake. Mhandisi anayesaini anahitaji namba.

Mwashi wa Pwani

Kabisa, na simpingi mhandisi. Namba zinapatikana. Pima mawe na chokaa ya jengo lenyewe maabara, pima unyevu, piga picha za mawimbi kupata uwazi ndani ya ukuta, chora jengo zima na mpindo wake. Ninachokataa ni namba za zege kupachikwa kwenye ukuta wa chokaa, halafu ukuta ukifeli kwenye karatasi unahukumiwa kuvunjwa ilhali umesimama zaidi ya karne. Namba ikigombana na ukuta uliosimama, anza kwa kuikagua namba.

Msomaji wa Bara

Samahani nachelewa kwenye uzi. Ofisi yetu ya wilaya iko ndani ya boma la enzi za Mjerumani, mawe, kuta nene sana. Kona ya nyuma kuna ufa naweza kuingiza vidole viwili juu, chini unapotea. Tumeambiwa mwezi ujao anakuja fundi kuuziba kwa simenti na kupaka rangi kabla ya ugeni. Mimi ni mtumishi wa kawaida tu. Nifanye nini?

Mwashi wa Pwani

Ndugu, vidole viwili si ufa wa kupaka rangi. Fanya hivi wiki hii.

Panda juu au mtume mtu atazame mfereji wa paa kwenye kona hiyo na bomba linaloshusha maji. Nina wasiwasi utakuta limekatika au limeziba na maji yanamwagika chini ya kona, yanalainisha udongo wa msingi. Kama ndivyo, litengenezwe leo, hata kwa bomba la plastiki, maji yapelekwe mita kadhaa mbali na jengo. Tazama pia kama kuna mti mkubwa karibu, shimo la choo, au mtaro mpya uliochimbwa.

Watoeni watu na majalada katika vyumba viwili vya kona hiyo, juu na chini, muwahamishie kwingine, na mfunge uzio nje watu wasipite wala kuegesha pikipiki. Pigeni picha ufa ukiwa na rula pembeni, muandike tarehe. Bandikeni vioo sehemu tatu: juu, katikati, chini.

Halafu mwandikieni mkurugenzi barua na nakala kwa Idara ya Mambo ya Kale, mkiambatanisha picha. Baadhi ya maboma ya zama hizo yanalindwa kisheria, na kuyagusa bila wao kujua kunaweza kuwa kosa. Barua hiyo ndiyo itakayomzuia fundi wa simenti bila wewe kugombana na bosi wako.

Fundi akija kabla barua haijajibiwa, mwombeni afanye kazi moja tu: mfereji wa paa. Ufa auache wazi. Ukishazibwa hatutaona tena unakoelekea.

Tuwekee picha humu ukizipata, za nje na za ndani, na useme kona hiyo inatazama upande gani wa mvua. Nitapita jioni.

Msomaji wa Bara

Nimepanda. Bomba la kushushia maji halipo kabisa, limebaki kipande cha juu kama nusu mita, na ukuta chini yake una ukungu wa kijani mpaka ardhini. Vioo tumebandika leo mchana. Picha naziweka kesho nikipata mtandao mzuri.